Chupa Isiyo na Harufu

Manukato ni kitu cha pua kabla ya kuwa kitu cha macho. Katika miji yetu ya pwani, Mikindani ikiwa mojawapo, bibi arusi husingwa kwa liwa na kufukizwa udi. Mpita njia hunusa akajua kuwa nyumba ile ina shughuli, ingawa hakuona jiwe la kusagia wala chetezo. Harufu humfikia kila mtu bila kumwuliza cheo chake.

Katika filamu mambo hugeuka: chupa huonekana, harufu haipo. Hata hivyo watazamaji wengi, hasa vijana, hufurahia kuitambua chupa ya marashi au kopo la mafuta lililowekwa juu ya meza ya kioo, wakalitaja jina lake kabla mwigizaji hajafungua kinywa. Yafaa tujiulize: ikiwa hawakunusa kitu, wametambua nini?

Jawabu langu ni kwamba wametambua cheo. Chupa ile husema kuwa mwenye nyumba ana fedha, anapendwa, na mikono yake haishiki jembe. Wafanyabiashara walilifahamu jambo hili zamani. Tangu miaka ya 1920 sabuni ya Lux ilitangazwa Marekani kwa nyuso za waigizaji mashuhuri wa filamu. Hawakuuza povu tu, waliuza na uso unaopendwa. Na katika vibanda vya video vya nchi yetu, ambako filamu za kigeni zilifasiriwa kwa sauti ya Kiswahili, maneno ya waigizaji yalihitaji mfasiri, chupa haikumhitaji.

Nasema haya nikiwa mmoja wa waliokosa. Hapa Kitaya, binti wa ndugu yangu aliona katika filamu kopo la mafuta ya kung'arisha ngozi mezani pa mwanamke tajiri. Hakuna aliyelitaja katika mchezo mzima. Akaniomba nimletee kutoka Mtwara mjini, nami, kwa fahari ya kuwa baba mdogo mwenye mshahara, nikalinunua bila kusoma maandishi yake. Baada ya miezi michache mashavu yake yalikuwa na mabaka, na jua la mashamba ya mpunga likawa adui yake. Ndipo nilipoelewa kwa nini serikali imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni. Zebaki huizuia ngozi kutengeneza rangi yake, ambayo ndiyo kinga yake dhidi ya jua, kisha hupenya mwilini na kudhuru figo. Je, mkosa ni nani? Yeye aliyetamani, mimi niliyenunua, au yule aliyeliweka kopo mezani akanyamaza?

Mtengenezaji wa filamu atasema kwamba yeye huonyesha maisha yalivyo, na nyumba za watu zina makopo. Hoja hii ina uzito, maana sanaa ikikatazwa kuonyesha vitu itakuwa kipofu. Lakini si kila kitu kimo katika filamu kwa haki ile ile. Katika filamu ya Marekani ya mwaka 1939, The Women, rangi ya kucha iitwayo Jungle Red ndiyo mlango wa hadithi: mke aenda kupakwa rangi hiyo, na mpakaji, asiyejua anazungumza na nani, amsimulia usaliti wa mumewe mwenyewe. Filamu hiyo karibu yote ni nyeusi na nyeupe. Wekundu wenyewe hauonekani, wala haukuhitajika. Iondoe rangi ile, na hadithi itakosa mlango.

Basi kipimo ni hiki: kiondoe kitu. Hadithi ikipungukiwa, kitu kilikuwa mtumishi wake. Isipopungukiwa, kitu hicho ni mchuuzi aliyeingia arusini bila kualikwa. Wala kipimo hiki si cha vitu vya kigeni peke yake. Ng'ambo ya Ruvuma, katika pwani ya kaskazini ya Msumbiji, wanawake wa Kimakua husugua kijiti cha msiro juu ya jiwe lenye maji, wakapata uji mweupe wa kupaka usoni. Uso huo ukionyeshwa ili wageni wapendezwe tu, pasipo mwanamke mwenyewe kuwa na neno la kusema, msiro nao umefanywa bidhaa.

Kwa hiyo wajibu umegawanyika. Mtengenezaji na ajibu kwa alichokiweka, hata kama hakukitaja, kwa kuwa kitu kilichowekwa mbele ya kamera kimekwisha kusema. Nasi wazee tusinunue tusichokijua. Mtazamaji naye asitosheke na fahari ya kuitambua chupa. Binti yule ngozi yake imepoa, ingawa mabaka hayakutoka yote. Juzi tulitazama filamu pamoja, na chupa ilipotokea mezani aliniuliza, "Baba mdogo, hiyo ina kazi gani pale?" Sikuwa na jibu, na filamu nayo haikulitoa. Walimu wakiwazoesha wanafunzi kuuliza swali hilo, watakuwa wamewapa kinga ambayo marufuku peke yake haiwezi kuwapa.