Usifunge Injini Bila Mizani

Mjukuu wangu, jana nimekuona unakaza maunti za injini ya ile Hiace inayotetemeka, kwa mara ya tatu. Weka spana chini kwanza, keti hapa kwenye mtungi wa oili.

Nami niliwahi kukaza hivyo hivyo. Matatu iliingia gereji yangu hapa Ekerenyo, injini ya aina ya 3L, pistoni moja imetoboka. Nikanunua moja dukani, zile tatu kuukuu nikazirudisha. Ikawaka vizuri, mwenye gari akacheka. Lakini ikishika kasi kwenye lami, kioo cha pembeni kinatikisika hadi dereva haoni anayemfuata. Nikakaza maunti. Nikabadilisha maunti. Baada ya wiki chache beringi za konrodi zimeliwa, shaba iko nje. Hapo ndipo nikapima: pistoni mpya ilizizidi zile kuukuu kwa gramu 25.

Gramu 25 ni vijiko sita hivi vya sukari, utasema si kitu. Lakini kwenye 3L pistoni husafiri milimita 96, na kranki ikizunguka mara 4,000 kwa dakika, pistoni inasimama na kugeuka mara 8,000. Zile gramu 25 zinavuta kwa nguvu ya zaidi ya kilo 20, kila mzunguko. Punguza mbio nusu, nguvu inabaki robo tu. Ndiyo sababu inanguruma kwa upole hapa gereji na kukuaibisha barabarani.

Basi pima. Mizani ya kituo cha majani chai haitakufaa. Tafuta ndogo inayosoma gramu moja. Pima kila pistoni pamoja na pini yake. Konrodi ipime ncha moja moja: ning'iniza ncha ndogo kwa uzi, ncha kubwa ilale kwenye mizani, kisha geuza. Ncha kubwa inazunguka na kranki, ndogo inapanda na kushuka na pistoni, kwa hiyo uzito wa jumla peke yake hautoshi. Iliyo nyepesi ndiyo kipimo, nyingine zifuate. Pistoni iparuze kwa ndani, chini ya mashikio ya pini, kidogo kidogo. Kichwa cha pistoni usikiguse kabisa. Na vifuniko vya konrodi usivichanganye, tia alama.

Pikipiki yako, hata hivyo, iache itetemeke. Silinda ni moja, haina mwenzake wa kupingana naye. Uzani ulio kwenye kranki hufuta karibu nusu ya mrusho wa pistoni. Ukiongeza uzani uufute mrusho wote, mtetemo wa juu na chini utageuka wa mbele na nyuma. Hata ile injini ya Lister ya kusagia, mizunguko 650 tu na flaiwili mbili nzito, hufungwa kwenye zege.

Silinda nne nazo hubaki na mtetemo mdogo, maana pistoni hukimbia zaidi nusu ya juu kuliko nusu ya chini, hivyo mbili zinazopanda hazifuti kabisa mbili zinazoshuka. Mwingereza Frederick Lanchester aliutuliza kwa shafti mbili zinazozunguka kinyume, kwa kasi maradufu ya kranki. 3L haina shafti hizo. Mtetemo huo imezaliwa nao, usimtoze mteja kwa ajili yake.

Sasa fungua sampu. Mimi naenda kwa mama wa mandazi kuazima mizani ya hamira, na anaitaka kabla hajakanda unga wa jioni.