Mto Upo, Mtoto Amedumaa

Udumavu, yaani hali ya mtoto kuwa mfupi kuliko inavyostahili umri wake kwa sababu ya lishe duni na maradhi ya mara kwa mara, mara nyingi huhesabiwa kuwa kosa la mama asiyejua kulisha. Hali ya kaunti ya Tana River, nchini Kenya, yakanusha hukumu hiyo. Mto Tana, mrefu kuliko yote nchini humo, hupita mji wa Garsen ukielekea baharini, na kwa vizazi vingi wakulima Wapokomo wamelima mpunga, mahindi na ndizi kandokando yake kwa kutegemea mafuriko yanayorutubisha udongo, huku wafugaji Waorma wakiteremsha ng'ombe wao huko wakati wa kiangazi.

Riziki hizo zote mbili zimetikiswa. Mabwawa ya umeme yaliyojengwa sehemu ya juu ya mto, likiwemo la Masinga la mwaka 1981, yamebadili majira na nguvu ya mafuriko. Mapigano ya wakulima na wafugaji ya mwaka 2012 na 2013 yaliua watu zaidi ya 100 na kuwahamisha wengi. Na ukame uliofikia kilele mwaka 2022 ukaangamiza mifugo.

Athari za hayo yote humfikia mtoto kwa njia zinazofahamika. Mifugo ikihamishwa kutafuta malisho, maziwa huondoka nayo, na wanaobaki kijijini hula ugali wenye kitoweo haba. Mama anayeshinda shambani au akitafuta maji na kuni humwacha mtoto mikononi mwa dada yake aliye bado mdogo, ambaye humnywesha uji mwepesi. Maji yasiyo salama nayo huleta kuhara, na mtoto anayehara hupoteza hata kile kidogo alichokula.

Kitaifa, udumavu wa watoto walio chini ya miaka 5 ulishuka kutoka asilimia 26 mwaka 2014 hadi 18 mwaka 2022, lakini wastani huo huficha mengi, kwani katika kaunti jirani ya Kilifi ulikuwa asilimia 37.

Kumshauri mama anyonyeshe maziwa yake pekee kwa miezi 6 ni jambo jema, ila ushauri hauleti maji safi wala hauamui mgogoro wa malisho. Wenye mamlaka juu ya mto, ardhi na bajeti ndio wa kuulizwa kwanza, na kumlaumu mama kabla yao ni dhuluma.