Miguu Tuliyopewa Si Yetu Peke Yetu



Katika Injili ya Marko, sura ya 2, watu wanne walimbeba mwenye kupooza, wakatoboa paa, wakamteremsha mbele ya Bwana. Hata siku zetu Mungu ametuonyesha mfano wa namna hiyo.

Katika inchi ya Marekani, jimbo la Massachusetts, Rick Hoyt alizaliwa mwaka 1962. Alikosa hewa wakati wa kuzaliwa. Hakuweza kutembea wala kusema. Waganga wa hospitali waliwashauri wazazi wamweke katika nyumba ya kutunza vilema. Wazazi walikataa, wakamlea pamoja na wadogo zake. Alipopata mashine ya kuandikia kwa kugusa na kichwa, akaanza kuzungumza na watu.

Mwaka 1977 kijana mmoja mwanamichezo alipooza, na watu wakatayarisha mbio za kilometa 8 za kumchangia feza. Sasa tusikilize: nani aliomba kukimbia? Ni Rick, kilema mwenyewe! Baba yake, Dick, hakuzoea mbio ndefu, lakini alimsukuma katika kiti cha magurudumu mpaka mwisho. Karibu watu wote waliwatangulia. Usiku ule mtoto alimwambia baba yake kwamba walipokuwa wakikimbia hakujisikia kuwa kilema. Kisha wakaingia marathoni ya Boston, kilometa 42 na zaidi, na waliikimbia kwa mara ya mwisho mwaka 2014. Baba alikufa mwaka 2021, mtoto mwaka 2023.

Wandugu, katika miji yetu kuna nyumba ambamo mtoto kilema anafichwa kwa haya, ao anaitwa mchawi. Hiyo ni zambi mbele ya Mungu. Kuna pia kilema anayeketi mlangoni mwa kanisa, na kila mtu anamwona kama mkono wa kupokea tu. Rick hakupokea tu, alitoa.

Kwa hiyo, siku ya ibada, mwenye miguu apite kwa jirani asiyeweza kutembea, amlete, na kikapu cha sadaka kifike mbele yake pia. Paulo alifananisha imani na mbio. Mwenye kufika peke yake, na ndugu yake amebaki njiani, atamjibu Bwana nini?

Amani ya Bwana ikae nasi sote. Amina.