Kilwa Kwenye Kioo cha Simu: Hisani au Deni?

Neno kuhifadhi siku hizi tunalibebesha kazi tatu. Mtoto wa madrasa anahifadhi Kurani. Serikali inahifadhi magofu. Na mimi, nikiona picha nzuri mtandaoni, naihifadhi kwenye simu. Tunalitumia kote bila kusita, kana kwamba kitendo ni kilekile. Kwangu si kilekile, na tofauti hiyo inanisumbua kila ninapoitazama Kilwa Kisiwani kwenye kioo cha simu.

Aliyehifadhi Kurani anajua kuwa asipoirudia itamponyoka. Hifadhi ile inamdai maisha yake yote. Gofu nalo linadai. Linataka chokaa, linataka mafundi wanaojua kujenga kwa mawe ya matumbawe, linataka mtu wa kung'oa mti mchanga kabla mizizi haijapasua ukuta. Lakini picha niliyoihifadhi kwenye simu hainidai kitu. Naweza kuisahau miaka mitano nikaikuta vilevile. Sasa basi, kampuni kubwa inapoyachukua magofu ya watu, yakapimwa kwa leza, yakapigwa picha na kuonyeshwa dunia nzima, tuseme imehifadhi kwa maana ipi kati ya hizi? Na ikishamaliza, imetoa zawadi au imejitwika deni?

Naichukua Kilwa kwa sababu mambo yote haya yanakutana pale. Mji ule ulitajirika kwa dhahabu iliyopitia Sofala. Ibn Battuta alifika mwaka 1331 akausifu kwa uzuri wake. Upo Msikiti Mkuu ulioanza kujengwa karne ya 11, na ipo Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, lenye bwawa la pembe nane. Wareno waliuvamia mji mwaka 1505. Mwaka 1981 UNESCO iliingiza magofu ya Kilwa Kisiwani na ya Songo Mnara katika Orodha ya Urithi wa Dunia, mwaka 2004 yakawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, na mwaka 2014 yakaondolewa humo baada ya kazi ya ukarabati. Na pembeni ya kuta hizo kuna kijiji. Kuna wavuvi, wakulima wadogo, watoto wanaokwenda shule. Watu wanaamka, wanafungua mlango, na urithi wa dunia uko hapo uani.

Kilwa imeshapimwa na kupigwa picha zaidi ya mara moja. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cape Town waliipima kwa leza katika mradi wao walioupa jina la Kiswahili, Zamani. Kisha mwaka 2020 Google Arts & Culture, pamoja na shirika la CyArk na ICOMOS, walizindua mradi wa Heritage on the Edge, wakaitia Kilwa Kisiwani katika maeneo matano duniani yanayotishiwa na mabadiliko ya tabianchi. Hadithi yake kwa ufupi ni kwamba bahari inakula ufuko na kuta, na mikoko inasaidia kupunguza nguvu ya mawimbi. Mtu aliye Oslo anaweza kuizungusha Kilwa kwa kidole, akaingia msikitini na kutoka bila kulowa miguu.

Nisieleweke vibaya. Kazi hii ina faida. Siku ya Krismasi ya 2020, Beit al-Ajaib pale Mji Mkongwe, Zanzibar, iliporomoka sehemu kubwa ikiwa katikati ya ukarabati, na watu wakafa. Baada ya siku kama ile, kila kipimo na kila picha iliyopigwa zamani ni mali. Notre-Dame ya Paris ilipoungua mwaka 2019, vipimo vya leza alivyokuwa ameviacha Andrew Tallon viliwafaa wajenzi. Ila hebu tuangalie vizuri. Notre-Dame haikusimamishwa na faili. Ilisimamishwa na maseremala, na waashi, na mamia ya mamilioni ya yuro zilizochangwa, mpaka ikafunguliwa tena Desemba 2024. Faili ni kumbukumbu ya kazi inayotakiwa kufanywa. Mwenye fundi na mwenye fedha anaitumia. Asiye navyo anabaki kuitazama tu.

Hapa ndipo naona utafiti wa utalii unatuacha njiani. Katika fani hii makala za kitaaluma zimejaa kuhusu taswira ya eneo, matangazo ya kidijitali na uwajibikaji wa makampuni kwa jamii. Nimesoma za kutosha kuujua mtindo wake. Mtazamaji anaonyeshwa video au ziara ya mtandaoni, kisha anapewa dodoso: kutoka 1 hadi 5, unakubali kiasi gani kwamba ungependa kutembelea eneo hili? Je, unaiona kampuni hii kuwa inajali? Majibu yanajumlishwa, na hitimisho huwa kwamba kampuni ikionekana kujali urithi, watu wanaipenda zaidi na nia ya kusafiri inapanda. Kama kipimo cha biashara, sawa. Lakini anayeulizwa kila mara ni mtazamaji. Mwenye gofu uani kwake hapewi dodoso. Ni kama kupima wema wa mgeni kwa kumuuliza mgeni mwenzake, huku mwenye nyumba amekaa pale pale kimya.

Katika mjadala huu kuna mchoro maarufu, piramidi ya Archie Carroll ya mwaka 1991. Chini kabisa aliweka wajibu wa kampuni kupata faida, juu yake kutii sheria, juu yake tena kutenda haki, na kileleni hisani, yaani mambo mazuri ambayo jamii inayatamani lakini haiwezi kuyadai. Miradi ya urithi wa kidijitali tunaizoea kileleni. Kampuni imetoa, tuseme asante. Mimi nadhani tumeiweka ghorofa isiyo yake. Inatakiwa ishuke ngazi moja, kwenye haki. Hisani ukiikosa unasikitika tu. Haki ukiikosa unauliza.

Wilaya ya Kilwa yenyewe ina mfano mzuri wa kulinganisha. Kisiwa cha Songo Songo, kilicho katika wilaya hiyo, kinatoa gesi asilia tangu mwaka 2004. Kuna sheria inayosema kampuni inayofanya biashara pale ilipe halmashauri ushuru wa huduma kulingana na mapato yake. Unaweza kubishana kama kiasi hicho kinatosha, na watu wanabishana kwelikweli. Ila angalau lipo la kubishania. Diwani anaweza kusimama kikaoni akauliza fedha ziko wapi. Kwa picha ya Husuni Kubwa hakuna kikao kama hicho. Picha imeondoka, inavuta macho ya watu, inaijengea kampuni jina zuri, na jina zuri ni mali kama gesi ilivyo mali.

Mtu atanijibu, na jibu lake ni la haki: gesi ikichukuliwa imekwisha, picha ikichukuliwa ukuta umebaki palepale, sasa umenyang'anywa nini? Nakubali kwamba ukuta umebaki. Lakini fikiria mtu anapokuja nyumbani kwako, akaandika habari za ukoo wako, akazitangaza kwa sauti yake na kwa mpangilio wake. Hakuna kijiko kilichopotea. Hata hivyo, mjukuu wako akitaka kujua alikotoka, atakwenda kusoma kwake. Kilwa inaijua hali hii. Tarikh yake ya Kiarabu tunaisoma kupitia nakala iliyoko British Library, na toleo jingine la simulizi hizo liko ndani ya kitabu cha Mreno João de Barros kilichochapishwa mwaka 1552. Anayeshika simulizi anaamua nini kianze na nini kiachwe. Kwa hiyo kinachoondoka na picha ni zamu ya kusema, ingawa jiwe limebaki.

Halafu kuna hesabu nyingine ambayo hisani haiwezi kuifuta. Mradi wa 2020 unatuambia bahari inapanda kwa sababu dunia inapata joto. Ni kweli. Lakini ripoti ya mazingira ya Google yenyewe, iliyotolewa mwaka 2024, inasema hewa chafu inayotokana na shughuli zake ilipanda kwa asilimia 48 kati ya 2019 na 2023, kwa sababu ya umeme wa vituo vya data na mnyororo wa ugavi. Sisemi kwamba kampuni moja ndiyo inayoizamisha Kilwa. Lingekuwa jambo la kijinga kusema hivyo. Nasema kwamba ukiwa na sehemu, hata ndogo, katika kinachomdhuru mtu, msaada wako kwake haubaki zawadi tupu. Unageuka kuwa sehemu ya malipo, na malipo huwa yanaulizwa: yametosha? Na mimi ninayeizungusha Kilwa kwa kidole, kwa bando langu la wiki, nimo kwenye hesabu hiyo pia.

Kulipa kungekuwaje? Sidai makubwa. Kwanza, maelezo yote yapatikane kwa Kiswahili, na yapitiwe na wazee na walimu wa Kilwa Kisiwani kabla hayajatangazwa. Pili, vipimo na faili vikae pia Tanzania, mikononi mwa watu waliofundishwa kuvifungua na kuvitumia, ili ukuta ukianguka fundi asianze kuandika barua nje. Tatu, na hili ndilo gumu, kila mwaka picha zinapoendelea kutazamwa, kuwe na kiasi kinachojulikana kinachorudi kwenye chokaa, kwenye mikoko, na kwenye mshahara wa kijana wa kung'oa ile miti. Si mara moja siku ya uzinduzi. Kila mwaka, kama hafidhi anavyorudia.

Sisi wapenzi wa fasihi hatuna sababu ya kuyaona haya mageni. Sayyid Abdalla bin Nasir aliyatazama magofu ya Pate karne mbili zilizopita, na Al-Inkishafi ikazaliwa. Ninachokipenda katika utenzi ule ni kwamba mshairi haoneshi magofu ili tustaajabu. Anaugeukia moyo wake mwenyewe na kuuhoji. Gofu kwake ni swali kwa anayelitazama. Ziara ya mtandaoni, ilivyo sasa, inaniruhusu nitazame bila kuulizwa chochote, na kampuni nayo ionyeshe bila kuulizwa chochote.

Kwa hiyo jibu langu ni deni. Deni lina kiasi, lina tarehe, na lina mwenye kudai. Siku tukitaka kujua kama limelipwa, tusimuulize mtazamaji wa London kama ameridhika kwa 4 au kwa 5, wala tusiniulize mimi. Tuvuke kwa mashua kutoka Kilwa Masoko, tukawaulize wenye uwa.