Paka wa Nyumba Haingwa

Tunapotaka kuupima utamaduni wa taifa, aghalabu hutaja lugha, ngoma, mavazi, na desturi za ndoa na maziko. Ni haki kuyataja hayo. Lakini liko pimo jingine lisilohitaji jukwaa wala sherehe, nalo ni namna watu wanavyomtendea kiumbe aliye chini ya uwezo wao, asiyeweza kushitaki akidhulumiwa wala kushukuru akifadhiliwa. Katika insha hii twakusudia kuuliza swali moja: kiumbe tuliyempokea kwa ajili ya kazi yake, tuna wajibu gani kwake siku kazi itakapomshinda? Tutaliuliza kwa mfano wa paka. Yamkini msomaji atauona mfano huu kuwa mdogo, ila jambo zito likiwekwa katika mizani ndogo huonekana uzito wake bila kudanganya.

Sisi twaishi Kiwalani, katika jiji la Dar es Salaam, kusini ya Barabara ya Nyerere, mahali ambapo ndege zinazotua hupita chini kiasi cha kumkatiza msemaji kauli. Nyumba zimesongamana. Ua wetu wa nyuma hauzidi hatua kumi na mbili kwa nane, nao una mwembe mmoja, migomba mitatu, pipa la maji, na banda la kuku lililokwisha kuachwa. Wakati wa masika ya mwaka 2014 paka shume aliingia uani akajikinga mvua nyuma ya pipa. Tumbo lake lilikuwa limebonyea, na sikio moja limechanika. Hatukumwalika, wala hatukumfukuza. Siku ya pili mwenzetu wa nyumbani alimtupia kichwa cha kibua. Siku ya tatu, alfajiri, tulifungua mlango tukamkuta ameketi kizingitini, na mbele yake panya aliyeuawa. Tulicheka, tukampa jina la Mgeni.

Jina hilo lilitokana na methali ambayo kila mwanafunzi anaijua: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu Julius Nyerere aliitumia katika maandishi yake ya mwaka 1962 juu ya Ujamaa, alipokuwa akieleza kwamba katika jamii zetu za zamani mgeni alikirimiwa, lakini hakuachwa awe mzigo kwa wenyeji wake. Methali hii ina uadilifu wa pande mbili. Humkataza mwenyeji kumnyima mgeni, tena humkataza mgeni kumnyonya mwenyeji. Paka wetu alikuja na jembe lake tayari, yaani makucha na macho ya usiku. Kwa muda wa miaka tisa aliulinda mchele na unga wetu. Alizilinda pia karatasi zetu, maana kabla ya kuja kwake panya walikuwa wamekwisha kutafuna daftari zima la mashairi.

Hata hivyo, jembe lililima pasipotakiwa. Ua wetu, ingawa mdogo, haukuwa mali yetu peke yetu. Asubuhi chozi walikuja kunyonya maua ya migomba, wakining'inia na kumetameta kama vipande vya kioo. Tetere walishuka kuokota punje zilizomwagika wakati wa kupepeta. Ukutani, penye mwanga wa taa, mjusi kafiri alivizia mbu, naye huuawa na watoto kwa jina tu, hali hana kosa na faida yake ni kubwa. Usiku wa msimu wa maembe komba alikuja mwembeni akalia kama mtoto mchanga. Kenge mmoja alizoea kupita wakati wa mvua, bila haraka, kama mwenye hati ya kiwanja. Wote hawa walikuwa wageni wasiopewa jembe na wasiodai chakula chetu.

Siku moja tulikuta kizingitini manyoya ya chozi. Mgeni alikuwa ameketi palepale alipozoea kuketi na panya, akitutazama kwa utulivu uleule. Tulimkemea, kisha tukajiona wapumbavu. Kwake yeye panya na chozi vilikuwa zawadi mbili za namna moja. Mpaka kati ya adui na rafiki tumeuchora sisi katika akili zetu, na paka hana sehemu ya kuusoma. Maadamu tulikuwa tumemweka nyumbani na kufurahia ukali wa makucha yake, damu ya chozi yule ilitujia sisi. Tangu siku hiyo tulimlisha vizuri magharibi na kumfungia ndani, karibu na ghala, hata jua lipande na ndege wapate kula kwa amani. Hasara haikukoma kabisa, lakini ilipungua sana.

Hapa inafaa tumkumbuke mgeni mwingine, ambaye kila mkazi wa pwani anamfahamu: kunguru mweusi mwenye shingo ya kijivu. Huyu si wa asili ya nchi yetu. Aliletwa Unguja kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890, ili asaidie kusafisha takataka za mji. Baadaye kizazi chake kilienea katika miji ya pwani, Mombasa na Dar es Salaam zikiwamo. Hula takataka kama alivyotarajiwa, lakini hula pia mayai na makinda ya ndege wengine, hunyakua vifaranga, na huwafukuza ndege wa asili. Leo amehesabiwa kuwa balaa, na mara kadhaa amewindwa kwa mitego na sumu. Twamlaumu kunguru, lakini hakuja kwa hiari yake. Walaumiwe zaidi waliotaka mdomo wake ufanye kazi wasifikiri kwamba mdomo huo una tumbo nyuma yake. Kazi haiji peke yake. Huja na njaa, huja na uzazi, na mwisho huja na uzee.

Uzee wa Mgeni ulifika mwaka 2023. Jicho moja lilipata ukungu, meno yakapukutika, na mguu wa nyuma ukawa mzito. Panya walianza kupita mbele yake, kwanza kwa woga, kisha kwa dharau. Jirani mmoja, mtu mwema, alitwambia, “Mzee, huyu sasa anakula bure. Mtie guniani ukamwache mbali, ulete paka mwingine kijana.” Alivyosema hakikuwa kitu kigeni. Ni desturi iliyoenea mijini na vijijini, na wengi huifanya bila kukosa usingizi.

Twakiri mbele ya msomaji kwamba tulifanya hivyo. Jioni moja tulimtia Mgeni guniani, tukavuka Barabara ya Nyerere, tukaenda upande wa Vingunguti hata karibu na machinjio. Njiani tulijiambia kwamba mahali pale hatakosa mabaki ya nyama, na kwamba tunamhamisha, hatumtupi. Tulipofungua kamba hakukimbia. Alitoka polepole, akaketi juu ya gunia lake, akaangalia huku na huku kwa jicho lake moja. Ilitubidi tumwinue ili tulichukue gunia. Hilo ndilo tendo ambalo hata leo hatujapata jina la kulifunika: tulimwacha kiumbe wa miaka tisa, tukarudi na gunia.

Siku zilizofuata tulitafuta hoja ya kujitetea, na hoja haikukosekana. Tulisema: dunia ina watu wasio na chakula, ni vipi tumlishe paka asiyefanya kazi? Hoja hii haifai kubezwa. Mwanadamu hutangulia, na anayemnyima mtoto ili amshibishe paka amepotoka. Lakini tulipoitazama vema tuliona haikuwa hoja yetu. Hakuna mtoto wa Kiwalani aliyepata chakula zaidi kwa sababu Mgeni alikuwa Vingunguti. Tulikuwa tumeazima njaa ya watu ili tufunike uchovu wetu.

Tena tuliona hatari iliyojificha ndani yake. Moyo unaojifunza kusema “hana kazi, basi hana haki” hausemi hivyo kwa paka tu. Leo ni paka, kesho ni ng'ombe aliyelima miaka kumi, keshokutwa ni shangazi aliyelea watoto wa ukoo mzima na sasa hasikii vizuri. Sisi wenyewe ni watumishi wa serikali tunaokaribia umri wa kustaafu. Tumeona ofisini jinsi sauti ya mtu inavyoanza kusikilizwa nusu mara ijulikanapo kwamba jalada lake la pensheni limefunguliwa. Hatukupenda kuonewa hivyo, nasi tulikuwa tumemfanyia hivyo asiye na pensheni.

Methali ya jembe haikukusudia ukatili huu. Azimio la Arusha la mwaka 1967, lililosisitiza kwamba kila mwenye uwezo afanye kazi, halikumhesabu kuwa mnyonyaji mtoto mdogo, mzee asiyejiweza, mlemavu, wala yule ambaye taifa lenyewe limeshindwa kumpatia kazi. Jembe hupewa mwenye mikono ya kulishika. Siku mikono inapolegea, aliyelima ana deni lake kwetu, na chakula anachokula ni malipo yaliyochelewa. Dini zetu nazo zimelizungumza jambo hili. Waislamu wamepokea Hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula wala kumwacha ajitafutie. Wakristo husoma katika Mithali kwamba mwenye haki hutambulikana kwa kuujali uhai wa mnyama wake.

Isidhaniwe kwamba twazungumzia ndoto. Huko Lamu, mji ambao mizigo yake imebebwa kwa punda tangu kale, kuna kituo kilichoanzishwa mwaka 1987 kwa ajili ya kuwatibu na kuwatunza punda. Hapa kwetu Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO limewafundisha panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa huko mwaka 2013, alipelekwa Kambodia, akafichua mabomu na silaha nyingine hatari zaidi ya 100. Mwaka 2020 alitunukiwa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza la kuwahudumia wanyama. Mwaka 2021 alistaafu kwa sababu ya uzee na kupungua mwendo, akaendelea kutunzwa hata alipokufa Januari 2022. Tulipoyakumbuka hayo tuliona haya. Panya wa Morogoro alistaafu kwa heshima, na paka wa Kiwalani aliyeutumikia mlango wetu miaka tisa alistaafishwa kwa gunia.

Tulirudi Vingunguti mara mbili kumtafuta, tusimwone. Siku ya tisa, wakati wa adhana ya alfajiri, tulisikia kitu kikikwaruza mlango wa uani. Alikuwa yeye, amekonda, ubavu mmoja umechubuka. Jinsi alivyoivuka barabara ile yenye magari usiku na mchana hatujui. Alipita kati ya miguu yetu, akaenda nyuma ya pipa, mahali alipojikinga mvua siku ya kwanza, akalala. Mwenzetu wa nyumbani hakutamka neno. Alichukua kisahani cha bati, ambacho kumbe hakukitupa, akakijaza.

Ndipo tulipoielewa methali nyingine ya wahenga, tuliyokuwa tukiitamka tangu utotoni: paka wa nyumba haingwa. Kuinga ni kufukuza. Methali haikusema paka mwenye meno haingwi, wala paka mwindaji haingwi. Ilitaja nyumba tu. Methali ya jembe hueleza namna mgeni anavyoingia katika nyumba, na hii hueleza kwamba akiisha kuingia, haki yake haipimwi tena kwa jembe. Taifa linalohitaji watu wachapakazi linazihitaji zote mbili. Likishika ya kwanza na kuisahau ya pili, kazi yenyewe itakuwa kitu cha kuogopwa, kwa kuwa kila afanyaye kazi ataliona gunia lake limetundikwa ukutani likimngoja.

Mgeni aliishi miezi kumi na minne zaidi. Tukipiga hesabu, uzee wake ulitugharimu vichwa vya dagaa, ukoko wa ugali, na maji kidogo. Panya tuliwazuia kwa kuziba matundu na kununua ndoo zenye vifuniko, kazi ambayo tungaliweza kuifanya miaka tisa kabla. Chozi walitambua upesi kwamba adui amechoka, wakawa wakinyonya maua hatua mbili kutoka alipolala, naye akiwatazama bila kuinua kichwa. Alikufa mwaka 2024, tukamzika kando ya migomba.

Kwa walimu na wanafunzi watakaoisoma insha hii, tuna nasaha chache. Asiyeweza kumtunza mnyama na asimwite nyumbani, maana kumwita ni ahadi. Aliyemwita na amlishe, ampeleke kuchanjwa kichaa cha mbwa, ambacho huwapata paka pia, na awakinge viumbe wengine na makucha yake. Sheria ya Ustawi wa Wanyama, iliyopitishwa na Bunge mwaka 2008, humtaka mwenye mnyama amtunze na asimtese. Lakini hakuna askari anayesimama usiku kando ya machinjio kuangalia nani anafungua gunia. Pale mtu husimama na utamaduni wake tu. Basi darasani, baada ya kueleza maana ya methali hizi mbili, tungependa mwalimu awaulize vijana wake: katika nyumba zenu, ni nani aliyeliweka jembe chini, na kisahani chake kiko wapi?