Ukipiga kelele za 'mwizi', umekuwa kadhi?



Siku moja nikifundisha Elimu ya Dini ya Kiislamu hapa mjini Morogoro, mwanafunzi wangu mmoja alinyoosha mkono. "Ustaadhi, juzi mtaani kwetu alipigwa mwizi akafa. Na mimi nilirusha jiwe, lakini moja tu. Nina dhambi, wakati Uislamu wenyewe unasema mwizi akatwe mkono?"

Darasa zima lilinyamaza. Aliyeuawa alikuwa kijana aliyeteremka kutoka upande wa Matombo na mikungu yake ya ndizi. Ilidaiwa kaiba simu. Jioni simu ile ilionekana ndani ya kibanda cha mwenyewe. Nami nakiri kuwa kelele zile nilizisikia kutoka nyumbani. Nilifunga dirisha nikaendelea kusahihisha madaftari.

Nilimjibu kwamba hukumu ya wizi katika sheria ya Kiislamu ina masharti mazito. Mali iwe imefikia kiwango, iwe imetolewa mahali ilipohifadhiwa, wapatikane mashahidi wawili waadilifu au mtuhumiwa akiri mwenyewe bila kuteswa, na mwenye kuhukumu awe kadhi, si mpita njia. Sayyidna Umar (R.A.) aliisimamisha adhabu hiyo katika mwaka wa njaa, kwa kuchelea kumkata mtu aliyesukumwa na tumbo. Na masharti yote yakitimia, kinachokatwa ni mkono. Hakuna aliyeruhusiwa kuchukua roho ya mtu kwa ajili ya simu.

Sisi wa mkoa huu tulipaswa kulijua hili kuliko wengine. Januari 2006 wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge, wilayani Ulanga, walikamatwa na polisi jijini Dar es Salaam pamoja na dereva wao wa teksi. Wote wanne waliuawa katika msitu wa Pande. Taifa likatangaziwa kuwa ni majambazi waliokufa kwa kurushiana risasi na polisi. Rais wa wakati huo, Jakaya Kikwete, aliunda tume chini ya Jaji Mussa Kipenka, na ikabainika kuwa hawakuwa majambazi. Kesi ikaenda mahakamani. Mwaka 2009 Mahakama Kuu iliwaachia huru washitakiwa wote, na mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ikamtia hatiani ofisa mmoja tu.

Tulihuzunika, na ilikuwa haki yetu kuhuzunika. Lakini hebu tujiulize: waliowaua walifanya nini ambacho sisi hatukifanyi mitaani? Walimpa mtu jina la jambazi, na jina hilo likachukua nafasi ya ushahidi, wakili na hakimu. Sisi tunampa jina la kibaka, kisha tunatafuta tairi na petroli. Tofauti yetu nao ni sare na bunduki.

Najua jibu la wengi. Ukimpeleka mwizi kituoni, kesho unakutana naye sokoni anakucheka. Malalamiko haya yana ukweli, na rushwa inayomwachia mhalifu ni dhulma kwa aliyeibiwa. Lakini hasira yetu mbona inachagua? Mwaka 2005 zilichotwa zaidi ya shilingi bilioni 133 kutoka akaunti ya EPA ya Benki Kuu. Watuhumiwa waliofikishwa mahakamani walikwenda na mawakili wao, na ndivyo inavyotakiwa. Ibara ya 13 ya Katiba inakataza mtu kutendewa kama mkosaji kabla hajathibitika kuwa mkosaji. Kwa nini muuza ndizi asipate hata robo saa ya kujieleza? Mtume (S.A.W.) alieleza kuwa waliotutangulia waliangamia kwa kumwacha mkubwa akiiba na kumwadhibu mnyonge, akaapa kuwa hata binti yake Fatuma asingesalimika.

Yule mwanafunzi alishikilia lile jiwe moja, akidhani dhambi ikigawanywa kwa watu mia inabaki chembe. Ikabidi nimweleze kisa cha mtu aliyeuliwa na kundi huko Yemen. Sayyidna Umar aliamuru wote walioshiriki wauawe, akasema kuwa lau watu wote wa Sanaa wangeshirikiana, angewaua wote. Damu haigawanyiki. Kila aliyerusha ameua, naye anadaiwa toba kwa Mola wake na haki ya familia iliyoko kule milimani ikimngoja mtoto wake.

Kisha akaniuliza, "Na waliosikia wakanyamaza, Ustaadhi?"

Sikuwa na mahali pa kujificha. Mtume ametuamrisha tuuondoe uovu kwa mkono, tukishindwa kwa ulimi. Kelele zile zikisikika tena, sitafunga dirisha. Nitatoka niseme, "Tumpelekeni kwa mwenyekiti wa mtaa." Nakuomba, ndugu yangu, nawe utoke, kwani tukiwa watano au sita huenda mtu akapona.

Wabillahi Tawfiiq.