Maji Tohara na Maji Salama

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeujaalia uhai wa kila kiumbe katika maji, na sala na salamu zimshukie Mtume wake Muhammad, na aali zake, na masahaba zake.

Ama baad. Liko suala linalowahusu watu wa miji midogo ya bara, na jawabu lake lawahusu hata watu wa pwani. Mtu amepewa amana ya kutazama mtambo wa kusafishia maji; dawa ikamwishia, au chujio likaziba. Je, yafaa aendelee kuwafungulia watu bomba wanywe, bila ya kuwaambia? Maji hayakugeuka rangi, wala ladha, wala harufu. Na mwenye kutawadha kwayo, udhu wake ni sahihi. Basi kosa li wapi?

Tazama mji kama Tarakea, katika wilaya ya Rombo, juu ya mteremko wa Kilimanjaro, karibu na mpaka wa Kenya. Mtu wa pwani akiuona mlima ule na theluji yake hudhani kwamba walio chini yake wamejaa maji. Sivyo. Ardhi ya Rombo ni ya mawe ya volkano, huyanywa maji ya mvua yakazama. Mito yake mingi hupita wakati wa masika tu, kisha hukauka. Ziwa Chala li mpakani, lakini li chini, ndani ya kingo ndefu, na maji hayapandi mlima ila kwa kusukumwa. Kwa hiyo maji ya msituni, yanayoteremka kwa mabomba na kwa mifereji ambayo Wachaga huiita mifongo, ni kitu cha thamani kubwa. Na mvua kubwa ikinyesha, maji hayo huchukua tope na kinyesi cha wanyama. Na hapo ndipo haja ya mtambo inapozidi.

Maulamaa wa Kishafii wamesema kwamba maji yakifika kulla mbili, nazo ni kama lita 200 na kidogo, hayawi najisi kwa kuingiwa na najisi, ila yageuke rangi, au ladha, au harufu. Hukumu hii ni ya haki, nayo imepimwa kwa hisia alizonazo kila mtu, ili ibada isiwe nzito. Lakini maulamaa hao hao wamesema kwamba kidhurucho mwili ni haramu kukila na kukinywa, hata kikiwa tohara. Mmea wenye sumu ni tohara, na kuula ni haramu. Basi tohara ni mlango mmoja, na salama ni mlango mwingine. Na mwenye kuuchanganya huu na ule hujidhuru, huku akidhani ameshika sharia.

Ushahidi wa jambo hili umo katika tarikhi. Mwaka 1892 mji wa Hamburg, katika Ujerumani, ulikuwa ukinywa maji ya mto Elbe bila ya kuyachuja. Mji wa Altona, jirani yake, ulikunywa mto huo huo, tena chini ya Hamburg, baada ya mto kupokea uchafu wa mji ule. Lakini Altona waliyachuja kwa mchanga. Kipindupindu kilipoingia, Hamburg walikufa watu zaidi ya 8,000, na Altona wachache mno kuliko hao. Mto ni mmoja. Kilichotenga uhai na mauti ni mchanga. Wala Unguja haikusalimika: maradhi hayo yaliua watu maelfu katika 1869 na 1870.

Na kazi ya mtambo hufuatana. Maji hutulizwa tope lizame, kisha hupitishwa katika mchanga, kisha hutiwa klorini. Tope likibaki, hula nguvu ya dawa kabla dawa haijaua vijidudu. Kwa hiyo chujio bovu huiharibu hata dawa nzuri.

Sasa lirudiwe suala. Mwenye kuchota mfongoni ajua kwamba hakuna aliyemdhaminia kitu, basi huyachemsha. Mwenye kufungua bomba la mtambo huacha kuchemsha, akaokoa kuni zake, kwa kuwa bomba lamwambia: maji haya yametazamwa. Bomba ni ahadi. Na mtambo ukifa, bomba likabaki hai, ahadi imegeuka uwongo. Na madhara yake huenda yakawa makubwa kuliko ya mfongo, kwa kuwa mfongo haumdanganyi mtu.

Imepokewa kwamba Mtume, sala na salamu zimshukie, alitia mkono katika lundo la nafaka sokoni, vidole vyake vikapata majimaji. Mwenye mali akatoa udhuru wa mvua. Mtume hakumlaumu kwa mvua. Alimlaumu kwa kuyaficha yaliyolowa chini ya makavu, na akamtenga mwenye kughushi na watu wake. Na mtazamaji wa mtambo naye atasema: ni mvua. Ni kweli, mvua yatoka kwa Mungu, lakini kuficha kwatoka kwa mja.

Huenda mtu akasema: akiwaambia, watakimbilia mfongoni. Jawabu: asifunge, wala asinyamaze. Maji yaendelee kwa kufulia na kutawadha, na mpiga mbiu apite, na misikitini na makanisani itangazwe, ili ya kunywa yachemshwe mpaka mtambo utengenezwe.

Wala lawama si ya mtazamaji peke yake. Serikali ya Tanzania, kwa sheria ya 2019, iliunda wakala wa maji vijijini, RUWASA, na vyombo vya watumiaji maji vya kukusanya ada. Wako wanaokataa ada, wakisema maji ni ya Mungu na watu wote ni washirika. Wamesema kweli kuhusu mto. Lakini bomba, na mchanga, na dawa, na ujira wa mtu, havikuteremka na mvua. Maulamaa wamejuzisha kuuza maji yaliyokwisha kuchotwa. Ila mwenye kiu asiye na kitu hanyimwi.

Na wenye mali hupenda kujenga kipya, jina likaandikwa ukutani. Kubadili mchanga hakuna asifiwaye kwako. Na hali katika hukumu ya wakfu, pato hutangulia kutengeneza kilichoharibika, kabla hakijagawiwa kitu. Sadaka jariya maana yake ni yenye kupita. Ikikwama, jina limebaki na maana imeondoka.

Basi kuutengeneza mtambo ni fardhi kifaya: akisimama mwenye kutosha, wengine wameokoka, wakikaa wote, wote wana dhambi. Na kuwaambia watu kweli juu ya wanachokunywa ni wajibu wa kila ajuaye, leo hii, kabla fedha hazijapatikana. Kwa kuwa kweli hainunuliwi.

Wallahu aalam.